Sura Aliyoondoka Nayo Sinyati

Mwalimu Dorkasi alizaliwa kwenye kambi ya vibarua wa shamba la kahawa, nje kidogo ya mji wa Karatu, katika chumba kimoja ambacho kuta zake zilikuwa zimekula moshi mpaka zikawa nyeusi tii. Baba yake alitoka Mbulu akiwa kijana wa nguvu, akachuma kahawa ya watu mpaka mgongo ukampinda. Mama yake, ambaye watoto walimwita Aayo kama Wairaqw wanavyowaita mama zao, hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe. Lakini alipoona binti yake amependa vitabu kuliko chakula, hakumkataza. Alimwekea sharti moja tu, kwa sababu mafuta ya koroboi yalikuwa ya kubahatisha.

"Ukifika penye weupe, zima."

Weupe huo ulikuwa mwisho wa sura. Aayo alikuwa akichungulia juu ya bega la mwanawe, na akiona maandishi yamekatika katikati ya ukurasa na chini yake hakuna kitu, anapuliza koroboi mwenyewe. Dorkasi analala gizani akiwa na njaa ya kujua yaliyofuata. Alikua akiamini kwamba waandishi walikata vitabu vyao sura kwa sura kwa kuwahurumia watu wenye mafuta kidogo. Chuo cha ualimu kilimfundisha sababu nyingine, zenye majina marefu, akazijaza kwenye mtihani na akafaulu. Moyoni alibaki na ile ya Aayo.

Serikali ikampangia shule ya sekondari upande wa Wasso, mbali na kwao. Alikuwa ameshaolewa na Xavery, dereva wa magari ya watalii, mtu mpole asiye na maneno mengi. Hawakujaliwa mtoto. Kila alipotoka likizo alipanda basi la alfajiri pale Karatu, likapita geti la hifadhi na kuukwea ukingo wa kreta ya Ngorongoro kwenye ukungu mzito, abiria wamejifunika mashuka mpaka puani, kisha likateremka upande wa pili kwenye vumbi, likaenda, likaenda, mpaka mtu akasahau kama ana miguu. Xavery alimwambia mara nyingi aombe uhamisho. Dorkasi alijibu kwamba ataomba mwakani. Mwakani ikawa miaka.

Kilichomweka kule ni wanafunzi. Wengi walitoka kwenye familia za wafugaji, na Kiswahili walikuwa wamekutana nacho darasani tu. Walikiongea kwa uangalifu, kama mtu anayevuka daraja la mti. Kidato cha nne cha mwaka ule kilikuwa na watu arobaini na kitu, na mtihani wa taifa ungewauliza habari za riwaya fulani. Shule ilikuwa na nakala moja tu ya riwaya hiyo. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa stoo. Vitabu vipya viliagizwa, vikawa njiani, na njia haikuisha. Mashine ya kutoa kopi shuleni ilikuwa imekufa zamani, imegeuka meza ya kuwekea chupa ya chai.

Mwanzoni Dorkasi aliwasomea kwa sauti. Walioko mbele walisikia, walioko nyuma walisinzia, na mabati yakipigwa na upepo hakuna aliyesikia lolote. Jumamosi moja alikwenda Wasso, dukani kwa Abdulwahabu, akanunua wembe na uzi mgumu wa kushonea magunia. Akaomba na maboksi matupu ya sabuni. Aliporudi alijifungia nyumbani kwake, akakilaza kitabu kifudifudi mezani, akakitazama muda mrefu. Kisha akakipasua mgongo.

Alikikata palepale penye weupe. Sura kumi na mbili zikawa vijitabu kumi na viwili vyembamba, kila kimoja na gamba lake la boksi, kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Jumatatu aliviingiza darasani kwenye ndoo.

Habari ilimfikia mkuu wa shule kabla ya saa ya chai. Mwalimu Valeriani alikuwa mtu mzima aliyebakiza miaka michache astaafu, na jambo alilolichukia kuliko yote ni mali ya shule kuharibiwa. Alikichukua kijitabu kimoja, akakigeuza huku na huku.

"Umekichinja kitabu, Mwalimu."

"Nimekigawa, Mkuu. Kilikuwa kinasomwa na mtu mmoja. Sasa kinasomwa na darasa zima."

"Na kikipotea kipande?"

"Hakitapotea."

Valeriani akakirudisha kwenye ndoo, akatikisa kichwa, akaondoka. Hakuandika barua ya onyo, lakini kwa wiki nzima hakumsalimia kwa jina.

Ilikuwa kama Dorkasi amewatia moto wanafunzi. Wawili watatu waliinamia sura moja chini ya mti, wengine na yao ukutani mwa bweni, wakabadilishana. Aliyepata sura ya saba kabla ya ya pili alikuta mtu amezikwa ambaye hajawahi kumwona akiwa hai, akakimbia kumtafuta aliyeisoma ya pili amweleze marehemu alikuwa nani. Wale waliokuwa wazito wa kuongea Kiswahili sasa walikiongea wakigombana. Riwaya yenyewe ilihusu kijana aliyesingiziwa kuchoma mashine ya kusaga ya kijiji. Dada yake alimjua mchomaji wa kweli, naye alikuwa jirani aliyewalea wao wawili baada ya mama yao kufa. Sura ya kumi iliishia kwenye mkutano wa kijiji: mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno, na dada anasimama.

Hapo Dorkasi akawakatia. Sura mbili za mwisho alizifungia kwenye sanduku lake mpaka wote wamalize kumi za mwanzo. Darasa likagawanyika kambi mbili. Noel, mtoto wa muuguzi wa Wasso, aliapa kwamba dada atasema, maana damu ni damu. Lightness akamjibu kwamba aliyekulea naye ni damu, na dada atakaa chini kimya. Walibishana mpaka kwenye foleni ya makande.

Siku moja aliwauliza swali ambalo hupenda kutoka kwenye mtihani. Mwandishi anagawa kitabu chake kwa sura kwa nini?

"Ili msomaji apumzike," alisema Noel.

"Kuonyesha muda umepita, au tumehama mahali," alisema Lightness.

"Ili atukatie utamu, Mwalimu, kama wewe ulivyotufanyia!" mwingine akasema kwa nguvu, darasa likacheka.

Nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo, alikaa msichana wa Piyaya aliyeitwa Sinyati. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuufunika mdomo kwa kiganja anapoongea. Kwao alikuwa binti wa kwanza kufika kidato cha nne. Alinyoosha mkono.

"Ili mtu aondoke bila watu kusema amekimbia."

Darasa likacheka tena. Dorkasi akawanyamazisha. "Hebu fafanua, Sinyati."

"Ukifunga kitabu katikati ya mstari, umekitupa. Ukikifunga mwisho wa sura, umeaga."

Dorkasi aligeukia ubao ili wasimwone uso. Alikuwa amefundisha somo hilo mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyewahi kumpa jibu la namna hiyo. Aliliandika ubaoni chini ya mengine, kama lilivyo.

Likizo fupi ya Pasaka ilipofika, wote walikuwa wamemaliza sura ya kumi. Dorkasi akaamua kuitoa ya kumi na moja. Mmoja aende nayo nyumbani, aisome, na siku ya kufungua aingie nayo darasani iwe ya wote. Waliandika majina kwenye vipande vya karatasi, wakavitia kwenye kofia ya Noel, na jina lililotoka likawa la Sinyati. Wenzake walimzunguka, wakamsihi angalau awaambie kwa kichwa, atikise ndiyo au hapana, akishaisoma. Sinyati alikataa huku akicheka nyuma ya kiganja chake.

"Mtasoma wenyewe."

"Mwenye sura amewashika wenzake wote mkononi," Dorkasi alisema kwa furaha, akimkabidhi. "Itunze."

Msichana aliifunga kwenye mfuko wa plastiki, mfuko akautia kwenye begi, na begi akalivaa mgongoni kama mtu aliyebeba mtoto.

Mvua za mwaka ule watu wa Karatu na Ngorongoro hawajazisahau. Ilinyesha Pasaka nzima. Barabara ya kwenda Wasso ilikatika hapa, ikatengenezwa, ikakatika pale. Dorkasi alirudi shuleni kwa lori la mahindi baada ya kulala njiani, viatu mkononi. Shule ilipofunguliwa, madawati mengi yalikuwa matupu. Wa Enguserosambu walifika wachache, wa mbali hawakufika. Kutoka Piyaya hakuja hata mmoja.

Dorkasi alimpigia simu Saning'o, kaka yake Sinyati. Mtandao ulikuwa unakuja na kukatika. Saning'o akampa dada yake simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Huku kwetu mvua ni kubwa. Magari hayaji kabisa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe subiri mvua ipungue, usihangaike." Kisha, kwa sababu alikuwa amefurahi kuisikia sauti ile, na kwa sababu Noel na wenzake walikuwa mlangoni wanamtazama, akaongeza akicheka, "Ila wenzako wanakusubiri wewe tu huku!"

"Ndiyo, Mwalimu," Sinyati alisema. Simu ikakatika.

Wiki ileile, Dorkasi akiwa anafundisha ushairi kwenye kidato cha pili, Mwalimu Valeriani alisimama mlangoni. Hakuwa na kawaida ya kuja mwenyewe. Akimtaka mtu alimtuma mwanafunzi.

"Mwalimu Dorkasi, hebu njoo."

Walitembea mpaka kwenye tangi la maji. Valeriani alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Yule binti wa Piyaya. Maji yamemchukua."

Dorkasi aliuliza maji gani. Aliuliza kama mtu ambaye hajaelewa neno, na Valeriani akamjibu taratibu. Msichana alikuwa ametoka nyumbani asubuhi pamoja na wanawake wawili waliokuwa wanakwenda mnadani, aje alidakie lori kwenye barabara kubwa. Walipofika korongoni wakakuta maji yanashuka. Wanawake walisema wasubiri. Naye alisema maji ni ya magotini, ametoka kuona mbuzi wakivuka. Alikuwa amefika katikati mawimbi ya kutoka juu yalipoingia. Wachungaji walimkuta mbali sana chini, amenaswa kwenye mgunga. Begi lilikuwa bado mgongoni.

"Alikuwa anakuja shule?" Dorkasi aliuliza.

"Alikuwa anakuja shule."

Usiku na mchana viliingiliana. Xavery alimpigia simu kutoka Karatu, akamwacha alie, hakumwambia anyamaze. Wakati fulani akasema, "Mke wangu, wewe ulimwambia asubiri." Dorkasi alijua kwamba ndivyo alivyosema. Alijua pia alichoongeza. Kila alipofumba macho aliisikia sauti yake mwenyewe ikicheka kwenye simu.

Mvua ilipotulia kidogo, mkuu wa shule aliazima gari la misheni, wakachukua sukari, majani ya chai na mchele, wakaenda kuhani. Njia nzima Valeriani alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, matope yakiruka mpaka kwenye vioo. Walipokaribia, alimgeukia Dorkasi.

"Mwalimu, sikiliza. Wakiuliza, sema shule ilikuwa imefunguliwa na mtoto alikuwa anawahi masomo. Mambo ya kitabu acha. Hayatawasaidia."

Dorkasi aligeukia dirishani.

Boma lilikuwa limezungukwa na madimbwi yaliyojaa alama za kwato. Baba yake Sinyati aliwapokea kwenye zizi, amenyoa kichwa. Mama naye alikuwa amenyoa, ametoa shanga zote, na shingo yake ilionekana nyembamba kama ya mtoto. Saning'o aliwaeleza kwa sauti ya chini kwamba marehemu hatajwi jina hapa, wamwite mtoto tu. Walikaa kwenye vigoda, chai ya maziwa ikaletwa. Mzee aliongea Kimaa, Saning'o akawa anatafsiri.

"Tumeambiwa alikuwa na haraka. Alikuwa anaitwa na nani?"

Valeriani akakohoa. "Mzee, pole sana. Shule ilikuwa imefunguliwa, lakini hakuna mtoto aliyelazimishwa..."

Mzee hakumtazama. Aliinua kidole kuelekea kwa Dorkasi. "Namuuliza mama huyu."

Dorkasi aliweka kikombe chini kwenye matope. "Alikuwa na karatasi zetu, Mzee. Sehemu ya kitabu. Wenzake walikuwa wanaisubiri waendelee kusoma. Mimi nilimwambia kwenye simu kwamba wanamsubiri."

Valeriani alifumba macho. Saning'o alichelewa kutafsiri, na alipotafsiri aliangalia pembeni.

"Kwa nini kitabu kilikuwa sehemu?"

"Kilikuwa kimoja, nao ni wengi. Nikakikata."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Ndama aliyefungiwa ndani alilia, akalia tena. Dorkasi alijua kwamba chochote atakachoambiwa sasa, hata akifukuzwa hapo kwa fimbo, atakipokea. Lakini mzee alipofungua mdomo aliuliza jambo jingine.

"Karatasi hizo zilisema nini? Mtoto amekufa nazo mgongoni, maji yamezifuta. Nataka kujua zilisema nini."

Dorkasi alisimulia. Alianza na mashine iliyochomwa, kijana aliyesingiziwa na jirani aliyewalea, kwa sababu sura ile isingeeleweka bila hayo. Alisimulia sentensi fupifupi, akimngoja Saning'o. Wanawake walitoka kwenye nyumba nyingine wakakaa pembeni. Akafika kwenye mkutano, dada alivyosimama, alivyomwona jirani ameketi na mjukuu wake mapajani. Dada akafungua mdomo. Akamtaja. Alimtaja kwa sauti ndogo mpaka mwenyekiti akamtaka arudie, akarudia. Kaka yake akafunguliwa kamba. Jioni ileile dada akafunga vitu vyake akahama kijiji, kwa sababu hakuweza tena kupita mbele ya mlango wa yule jirani.

Alipomaliza, mama yake Sinyati alisema kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Saning'o aligeuka akamtazama mama yake, kisha Mwalimu.

"Yeyo, mama yetu, anasema sivyo."

"Sivyo vipi?"

"Mtoto alitusimulia hiyo, hapa hapa, wakati wa mvua. Alisema dada alisimama, akawatazama watu wote, akakaa chini kimya. Kaka yake wakamchukua amefungwa. Yeyo aliumia sana, akamuuliza mbona dada ni mbaya hivyo. Akajibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa."

Dorkasi aliikumbuka sura ile vizuri. Alikuwa ameisoma tena kabla ya kuifungia sandukuni. Akamwona Sinyati karibu na moto, kiganja mdomoni, akiubadilisha mwisho wa mambo. Kwa nini? Labda aliona ndivyo mtu wa kweli angefanya. Labda alitaka ule mwisho wenyewe usikiwe kwanza na wenzake waliomngoja, asiumalize utamu kabla hawajafika. Hapakuwa na wa kumuuliza.

Mama alikuwa amemkazia macho. Saning'o akatafsiri: "Anauliza, ipi ndiyo?"

Angesema kweli, angemwacha yule mama na binti aliyemdanganya katika mazungumzo yao ya mwisho kando ya moto.

"Ni yake," Dorkasi alisema. "Mimi nimesoma vitabu vingi, nimechanganya."

Mama aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyerudishiwa kitu. Mzee aliwashukuru kwa sukari. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akasimama akitazama matairi yanavyozunguka bure kwenye tope, na mwishowe akaita vijana wasukume.

Njiani Valeriani hakumlaumu. Walipofika shuleni alikusanya vile vijitabu vilivyobaki, akavifungia kabatini ofisini kwake, na kwenye daftari la vifaa akaandika kwamba kitabu kimechakaa.

Mtihani haukungoja. Xavery alizunguka Karatu mpaka akaipata ile riwaya kwa mwalimu mmoja, akazipiga picha sura ya kumi na moja na ya kumi na mbili ukurasa kwa ukurasa, akazituma kwenye simu. Dorkasi alizisoma amesimama chini ya mti penye mtandao. Dada alikuwa amesema. Ilikuwa imeandikwa wazi, mara mbili, kama alivyokumbuka.

Darasani hakuna aliyeuliza tena. Kambi mbili zilikuwa zimekwisha zenyewe; Noel na Lightness walikaa dawati moja na hawakubishana jambo. Dawati la dirishani lilibaki wazi, na hakuna aliyelisogeza. Dorkasi aliahirisha wiki, akaahirisha nyingine. Mwishowe Noel ndiye aliyenyoosha mkono, amekonda uso.

"Mwalimu, utusomee tu. Mtihani utauliza."

Akawasomea kutoka kwenye simu, kwa sauti iliyonyooka, bila kuigiza wahusika kama alivyozoea. Dada alipomtaja mchomaji, Noel, ambaye alikuwa ameshinda ubishi, alilaza kichwa mezani. Lightness alikuwa anaandika nukuu, akaacha katikati ya neno. Dorkasi aliendelea moja kwa moja mpaka sura ya kumi na mbili, hakupumzika hapo katikati, kwa sababu aliogopa kwamba akinyamaza kidogo tu mtu ataanza kulia, na mtu huyo huenda akawa yeye.

Mwezi wa tisa maboksi ya vitabu vipya yakafika, yamefungwa kwa utepe, yananuka wino. Vilitosha kitabu kimoja kwa kila wanafunzi wawili. Dorkasi aliwagawia akiwa ameketi. Aliwaona wengi wakifunua harakaharaka mpaka kwenye sura ya kumi na moja, wakaitazama tu jinsi ilivyoanza na ilivyoishia, kisha wakafunga. Walifaulu kuliko darasa lolote kabla yao. Afisa elimu alipiga simu kupongeza. Valeriani alitoa habari hiyo kwenye kikao cha walimu, na hakuna aliyepiga makofi.

Mwaka uliofuata Dorkasi aliomba uhamisho, akapewa. Sasa anafundisha Karatu, anakaa nyumba moja na mumewe, na watu humwambia amenenepa, ingawa si kweli. Anafundisha fasihi kwa mpangilio, vitabu vipo. Somo la muundo wa riwaya analifundisha kama lilivyo kwenye mtaala: sura huonyesha kupita kwa muda, kuhama kwa mahali, kumpumzisha msomaji, kumtia hamu. Wanafunzi wanaandika. Akifika kwenye hamu anapita haraka. Hawaulizi wao wanaonaje.

Ikinyesha ndipo wanapomwona Dorkasi mwingine. Nyuma ya shule kuna mfereji unaopokea maji yote ya mlimani, na watoto wa kidato cha kwanza wanaoishi ng'ambo huvuka hapo kwenda nyumbani. Mvua ikianza mchana, Mwalimu Dorkasi huwaingiza darasani, akafunga mlango, akasimama mbele yake. Mkuu wake wa sasa, Mama Ester, mwanamke mwema asiyejua mengi ya Wasso, ameshamwita ofisini.

"Mwalimu, wazazi wanalalamika. Watoto wanafika kwao giza limeingia. Jana mvua ilikatika saa tisa, wewe umewatoa saa kumi na mbili!"

"Maji yalikuwa hayajapungua, Mkuu."

"Mfereji wenyewe mtu mzima anauruka."

"Hayakuwa yamepungua."

Juzi ilinyesha tena, mvua ya kawaida, ya nusu saa. Jua likatoka, mabati yakaanza kufuka mvuke, na nje walisikika watu wakipita na punda zao wakiongea. Watoto walikaa wamekumbatia mabegi. Mwalimu alikuwa ameegemea mlango, mkono mmoja ameshika komeo, macho ameyaelekeza kwenye ukuta wa nyuma ambapo hapakuwa na kitu.

"Mwalimu," kasichana kamoja ka mbele kakauliza, "yameshapungua?"

"Bado," alisema.